Mashine moja, wanafunzi ishirini: mwongozo kamili wa mashine ya milingi kwenye timu ya roboti

Jioni moja ya Januari nilivuta kigoda hadi kwenye kona ya karakana, nikashika saa, nikawa naandika kila spindeli, mhimili unaozungusha kikataji, ilipoanza kukata na kila iliposimama. Wanafunzi walikuwa na mashine ya milingi, ile inayokata chuma kwa kikataji kinachozunguka, kwa saa tatu. Muda wa kukata chuma hasa, nilipoujumlisha wote, haukufika nusu saa. Uliobaki ulikwenda wapi? Kutafuta koleti, kishikio cha kikataji, ya kipimo sahihi. Kulinyoosha jiliwa, kibano cha kushikia kipande, upya kwa sababu aliyetangulia aliligeuza. Kubishana juu ya mchoro, kama tundu linapimwa kutoka ukingo wa kushoto au wa kulia. Pembeni kulikuwa na foleni ya watoto watano, kila mmoja na kipande chake mkononi, wakingojea matundu mawili matatu ambayo drili ya mkono ingeyatoboa vizuri tu.

Siku hiyo niliacha kudai mashine ya pili. Tulichohitaji ni kuiondolea ile moja kusubiri, na mwongozo huu unahusu hilo kuliko unavyohusu kukata.

Timu ninayoisaidia ni ya sekondari, hapa Minnesota, Marekani. Inashiriki FIRST Robotics Competition, mashindano yaliyoanza mwaka 1992 chini ya shirika ambalo Dean Kamen alilianzisha mwaka 1989. Mchezo wa mwaka hutangazwa mapema Januari, na mashindano ya kwanza huanza mwishoni mwa Februari au Machi. Katika wiki hizo chache wanafunzi wanaunda roboti ya kilo hamsini na kitu. Lakini hata kama timu yako inaunda gari dogo la mashindano katika chuo cha ufundi Arusha au Thika, na mashine ni ya mkono yenye meza inayopandishwa kwa goti (kiunzi kinachoibeba), hatua ni hizi hizi. Ninayoizungumzia ni aina ya Bridgeport, iliyoanza kuuzwa mwaka 1938 kutoka mji wa jina hilo huko Connecticut na kunakiliwa na viwanda vingi tangu hapo.

Kabla ya kuwasha

Miwani ya usalama kwa kila aliye karibu, hata anayetazama tu. Glavu hazivaliwi kabisa mbele ya spindeli inayozunguka, kwa sababu kikataji kikishika uzi wa glavu kinavuta na mkono. Mikono ya shati ikunjwe juu ya kiwiko, rasta zifungwe nyuma, mtandio uchomekwe ndani ya koti la kazi, pete na saa zivuliwe. Maranda ya chuma huondolewa kwa brashi mashine ikiwa imesimama, kamwe si kwa kidole. Spana ya boliti ndefu ya juu, ile inayovuta koleti, haiachwi pale juu hata kwa sekunde moja: kwetu mkono unaoishika ndio unaoirudisha kwenye ndoano. Mtu akiwasha mashine spana ikiwa juu, itaruka, na hakuna anayejua itaangukia nani.

Hatua ya 1: Iondolee kazi zisizo zake

Chukua orodha ya vipande vyote vya roboti na uulize swali moja kwa kila kipande: je, kipimo chake kinahitaji usahihi wa milingi? Kukata bomba kwa urefu ni kazi ya msumeno. Milingi inapunguza milimita ya mwisho tu, na pale tu urefu unapokuwa na maana. Matundu ya kufungia kifuniko cha nyaya ni ya drili ya mkono. Bapa lenye umbo la kujipindapinda lipelekwe kwa mwenye mashine ya kukata mabapa, ya leza au ruta, kama yupo.

Zinazobaki ni chache: matundu ya beringi, umbali kati ya shafti za gia, ncha za bomba zinazopaswa kuwa mraba kamili, na vipande vinene visivyoweza kukatwa kwa njia nyingine. Orodha yetu ilipungua zaidi ya nusu kwa zoezi hili la dakika ishirini. Foleni ilipungua vivyo hivyo.

Hatua ya 2: Inyooshe mara moja, uiache

Kichwa cha mashine ya aina hii huinama mbele, nyuma na pembeni, na pigo moja la nguvu linaweza kukisogeza bila mtu kujua. Funga saa ya kupimia, ile ya sindano inayoonyesha tofauti ndogo sana, kwenye spindeli, weka gia huru, kisha izungushe kwa mkono ncha ikigusa meza katika duara la kama milimita 200. Tofauti kati ya mbele na nyuma, kushoto na kulia, isizidi milimita 0.03. Kama imezidi, legeza boliti za kichwa kidogo tu, sogeza, kaza, pima tena. Pima tena hata baada ya kukaza mara ya mwisho, maana kukaza kwenyewe kunasogeza.

Sasa jiliwa. Gusisha saa kwenye taya lisilosogea, lile la nyuma, uendeshe meza kushoto na kulia. Kwa jiliwa la milimita 150, milimita 0.02 inatosha. Njia ya haraka ni kukaza boliti ya upande mmoja kiasi na kuacha ya upande wa pili ikigusa tu. Jiliwa litageuka kwenye boliti iliyokazwa kama mlango kwenye bawaba, na utaligonga taratibu kwa nyundo ya plastiki hadi sindano itulie. Kaza zote mbili, kisha pima tena.

Halafu weka kizuizi upande wa kushoto. Hiki ni kipande cha chuma kilichofungwa kwa boliti kwenye taya la nyuma, ili kila kitu kinachoingia jiliwani kisukumwe hadi kikiguse. Hakuna kifaa cha bei ndogo kilichotusaidia kuliko hiki. Taya la nyuma ndilo sifuri ya mbele na nyuma, kizuizi ndicho sifuri ya kushoto na kulia, na kona inayozaliwa hapo haihami. Ukitengeneza vipande kumi vinavyofanana, unatafuta ukingo mara moja, si mara kumi.

Anayetaka kuling'oa jiliwa aombe ruhusa. Kwetu kuna karatasi imebandikwa juu yake.

Hatua ya 3: Mchoro uongee lugha ya mashine

Wanafunzi huchora kwenye kompyuta vizuri sana, kisha huweka vipimo kwa mnyororo: kutoka ukingo hadi tundu la kwanza, kutoka la kwanza hadi la pili, na kuendelea. Anayesimama mbele ya mashine analazimika kujumlisha kichwani, na hapo ndipo bapa linapoharibika. Kosa la tundu la pili linarithiwa na la tatu na la nne.

Kila tundu lipimwe kutoka kona moja, na kona hiyo iwe ile ile ambayo kizuizi kinakutana na taya la nyuma. Ukitazama kutoka juu, ni kona ya juu kushoto ya mchoro. Pembeni weka jedwali: namba ya tundu, umbali kwenda kulia, umbali kuja kwako, kipenyo, na kina kama halipiti hadi upande wa pili. Kama mashine ina skrini ya vipimo, mwanafunzi anazungusha mkono hadi namba ya skrini ilingane na ya jedwali. Hajumlishi chochote.

Andika pia ni vipimo vipi vyenye uzito. Nimewahi kuona kijana akitumia saa nzima kulipata kwa usahihi wa sehemu moja ya elfu ya inchi tundu la boliti lililokuwa na nafasi ya kucheza milimita moja. Mchoro wake haukumwambia.

Hatua ya 4: Vikataji na kasi

Usiwape wanafunzi droo iliyojaa vikataji vya kila namna. Andaa ubao wenye nafasi chache zilizoandikwa: endimili (kikataji kinachokata kwa ncha na kwa ubavu) ya milimita 12 na ya 6 za kukatia aluminiamu zenye meno mawili au matatu, nyingine moja ya meno manne kwa chuma, biti fupi ya kuanzishia tundu, biti za drili za vipimo mnavyovitumia kila siku, na kitafuta ukingo. Koleti zikae kando ya vikataji vyake. Endimili haishikwi na chaki ya drili, yaani kishikio cha biti chenye taya: chaki imeundwa kusukuma chini, na ikisukumwa pembeni hulegea.

Kwa nini meno mawili kwa aluminiamu? Kwa sababu maranda yake ni mengi na laini, na yanahitaji nafasi ya kutokea. Yakikosa nafasi yananata kwenye makali, kikataji kinaacha kukata na kuanza kusugua, joto linapanda, mwishowe kinavunjika. Aluminiamu ya 6061, aloi ya kawaida ya kununua, hukatika safi. Ile ya kuyeyushwa kutoka vyuma chakavu mara nyingi ni laini na hunata, kwa hiyo nyunyizia mafuta ya kukatia mara kwa mara.

Hesabu ya kasi ni nyepesi. Chukua kasi ya ukataji kwa mita kwa dakika, zidisha kwa 318, gawa kwa kipenyo cha kikataji kwa milimita. Kwa endimili ya hai-spidi (chuma kigumu cha vikataji) kwenye aluminiamu, 90 ni namba nzuri ya kuanzia: 318 mara 90, gawa kwa 12, unapata mizunguko karibu 2,385 kwa dakika. Kwa chuma cha kawaida anza na 25, na endimili hiyo hiyo inashuka hadi kama 660. Wanafunzi wengi huharibu vikataji kwa kukata chuma kwa kasi ya aluminiamu.

Mwendo wa meza nao unahesabika. Kila jino lichukue kama milimita 0.05: meno 2 mara 0.05 mara 2,385 ni milimita 238 kwa dakika. Kwenye mashine ambayo mzunguko mmoja wa mkono unasogeza meza milimita 5, hiyo ni mizunguko kama 48 kwa dakika, yaani mmoja kila sekunde na robo. Mwambie kijana ahesabu kwa sauti. Anayeanza huenda taratibu mno kwa woga, na kikataji kinachosugua bila kukata huisha upesi kuliko kinachofanya kazi yake.

Jambo moja la kichwa cha mashine, maana makosa yake ni ghali. Kama kasi inabadilishwa kwa kuhamisha mkanda kwenye puli, zima kwanza. Kama ni kile cha gurudumu la kuzungusha, chenye puli zinazojitanua, kasi hubadilishwa spindeli ikiwa inazunguka tu. Gia ya chini na ya juu hubadilishwa mashine ikiwa imesimama, kwa aina zote mbili. Na ukiingiza gia ya chini, spindeli inageuza mwelekeo, hivyo swichi igeuzwe pia. Kikataji kinachozunguka kinyumenyume hakikati. Kinaungua.

Hatua ya 5: Kushika kipande

Futa jiliwa, futa paraleli (vyuma viwili vya kimo sawa vinavyokaa chini ya kipande), futa kipande. Randa moja nyembamba chini ya kipande inakuondolea sehemu ya kumi ya milimita bila kukuuliza. Laza kipande juu ya paraleli mbili, sukuma hadi kizuizini, kaza, kisha kigonge kwa nyundo ya plastiki. Jaribu kuzisogeza paraleli kwa vidole. Ikiwa moja inacheza, kipande hakijakaa.

Bomba la pembenne lenye ukuta wa milimita 1.6 linabonyea kwa urahisi, na tundu litakalotobolewa kwenye bomba lililobonyea litahama ukilegeza. Ingiza ndani yake kipande cha aluminiamu kinachojaza nafasi, mahali taya zinapobana. Unapoligeuza kutoboa ukuta wa pili, ligeuze kwa kulizungusha kwenye urefu wake, ili ncha ile ile iguse kizuizi. Matundu yaliyo katikati ya upana yatakutana. Usijaribu kutoboa kuta mbili kwa biti moja ndefu, kwa sababu biti ikitoka ukuta wa kwanza hutangatanga kabla ya kuugusa wa pili.

Hatua ya 6: Sifuri na matundu

Endesha kitafuta ukingo kwa mizunguko kama 1,000. Kisogeze taratibu kuelekea kipande. Ncha yake itatulia, kisha ghafla itaruka pembeni. Hapo kitovu cha spindeli kiko nusu ya kipenyo cha ncha kutoka ukingoni. Ncha ikiwa ya milimita 10, pandisha, sogea milimita 5 kuelekea kipande, ndipo uandike sifuri. Kosa lililotuharibia vipande vingi kuliko mengine yote ni hili la kuisahau ile nusu. Sasa tuna utaratibu: baada ya kuweka sifuri, mwanafunzi hupeleka ncha ya biti juu ya kona na kuitazama kwa macho. Kama haiko juu ya kona, namba zinadanganya.

Kama mashine haina skrini, skrubu ya meza ina mchezo: ukigeuza mwelekeo, mkono unazunguka kidogo kabla meza haijasogea. Yafikie matundu yote kutoka upande mmoja. Ukipitiliza, rudi nyuma mzunguko mzima kisha uje tena.

Mchezo huo huo ndio unaoamua upande wa kukatia. Meza ikisukuma kipande kinyume na mzunguko wa meno, kikataji kinakisukuma nyuma na skrubu inabaki imebanwa. Ukikata kwa kufuata mzunguko wa meno, kikataji kinaweza kukinyakua kipande na kukivuta ghafla kwa kiasi cha mchezo wote. Wanaoanza wakate kinyume tu. Anayejua anaweza kumalizia kwa kufuata mzunguko, kwa unene wa milimita 0.1, kifungio cha meza kikiwa kimekazwa kidogo, na uso utatoka laini zaidi.

Kila tundu lianzishwe kwa biti fupi kabla ya biti ndefu. Panchi, ile ncha ya kugongea alama ya tundu, haihitajiki kwenye milingi. Ukipiga panchi, biti itafuata alama ya jicho lako na kuuacha usahihi wa meza.

Hatua ya 7: Beringi na gia

Hapa ndipo mashine inapolipa gharama yake. Beringi nyingi za shafti ya pembe sita ya nusu inchi kwenye roboti hizi zina kipenyo cha nje cha inchi 1.125, sawa na milimita 28.575. Tundu likizidi kidogo, beringi inacheza. Likipungua sana, utaivunja ukiigonga. Toboa kwanza hadi kama milimita 27, kisha malizia kwa kichwa cha kupanulia tundu. Soma vizuri alama za kichwa hicho, kwani kuna vinavyoonyesha nusu-kipenyo na vinavyoonyesha kipenyo kizima. Jaribu kwenye skrepa, kipande cha kutupwa, ya aina ile ile. Ukikaribia kipimo, pitisha mara ya pili bila kuongeza chochote, kwa kuwa kikataji hujipinda kidogo kinapokata na kipito cha pili hukusanya kilichobaki.

Umbali kati ya shafti mbili kwa gia za vipimo vya inchi zenye namba 20 (meno 20 kwa kila inchi ya kipenyo) ni jumla ya meno gawa kwa 40. Gia ya meno 12 na ya meno 60: 72 gawa kwa 40 ni inchi 1.800. Sisi huongeza sehemu tatu za elfu ya inchi, ikawa 1.803, ili zisibanane.

Mabapa mawili ya giaboksi yatengenezwe kama pacha. Toboa matundu mawili ya boliti, yafunge pamoja, kisha panua matundu yote ya beringi kwa mpigo mmoja. Hata ukikosea kidogo umbali kutoka ukingoni, mabapa yote mawili yamekosea sawa na shafti itapita imenyooka. Kabla ya kuyafungua, andika NJE kwa kalamu ya wino mzito kwenye nyuso mbili za nje.

Hatua ya 8: Mashine izae jigi

Bomba za fremu zetu zina matundu yanayojirudia kila nusu inchi. Mwaka wa kwanza tulizitoboa zote kwenye milingi, bomba baada ya bomba. Mwaka uliofuata tulitengeneza jigi moja: kipande cha chuma kinachokumbatia bomba, chenye matundu sita ya kuongozea biti, yaliyovishwa bushi (mikono midogo ya chuma) ngumu za kununua ili yasilike. Unakibana kwa klempu, unatoboa sita, unakisogeza, unaingiza pini kwenye tundu la mwisho, unaendelea. Kazi ya jioni moja kwenye milingi iliondoa karibu bomba zote kwenye foleni, na watoto wa kidato cha chini wasioruhusiwa kugusa mashine wakapata kazi halisi yenye vipimo vya kuaminika. Kipande chochote kitakachorudiwa zaidi ya mara nne, jiulize kwanza kama kinahitaji jigi.

Hatua ya 9: Watu wawili, ngazi nne

Mbele ya mashine wanasimama wawili, kama dereva na konda. Mmoja anaendesha, mwingine ameshika mchoro. Wa mchoro anasoma: "Tundu la tatu, kulia 63.5, kwako 12.7." Dereva anasogeza na kusoma skrini kwa sauti. Zikilingana, anatoboa. Wanaonekana wanatumia watu wawili kwa kazi ya mmoja, lakini kipande kilichoharibika hula muda wa wote wawili mara mbili, na wa mchoro anajifunza mashine bila kuigusa.

Ngazi tunazipanda kwa mpangilio. Ya kwanza ni kusafisha, kupaka mafuta, kubadili koleti na kushika kipande. Ya pili ni sifuri na matundu. Ya tatu ni kukata kingo na kuufanya mche kuwa mraba pande zote sita. Ya nne ni kupanua matundu na kunyoosha kichwa na jiliwa. Mafunzo yafanyike Oktoba na Novemba, kwenye skrepa, kabla ya presha. Kumfundisha mtu kutafuta ukingo wiki ya tano, usiku, na giaboksi inangojewa, ni kumwonea yeye na kipande.

Dakika kumi na tano za mwisho hakuna kukata. Brashi, kitambaa, mafuta kwenye njia za meza, vikataji kwenye nafasi zake, na mstari mmoja kwenye daftari: nani alitumia, nini kimeisha makali, nini kimesogezwa. Anayekuja kesho anasoma mstari huo kabla ya kushika mkono wa mashine.

Mwezi Machi tunapoondoka kwenda mashindanoni, milingi inabaki shuleni. Kwenye kreti tunapakia jigi, drili mbili za mkono, mabapa pacha ya akiba yaliyokwisha kupanuliwa, na bomba nne zilizokatwa kwa urefu kamili. Msimu mmoja mkono wa roboti ulipinda baada ya kugongwa. Binti mmoja wa kidato cha chini, ambaye bado alikuwa ngazi ya kwanza, alibana jigi kwenye bomba jipya, akatoboa matundu yote sakafuni, na roboti ikawahi mechi iliyofuata.